Beberu Aliyerithi Nyumba

Shemeji yake alipokuja kuomba nafasi katika mchezo wake wa kuigiza, Bi Sindano alihisi kama mwenye bucha aliyebishiwa hodi na fisi anayetafuta kazi ya ulinzi.

Bi Sindano alikuwa fundi cherehani. Jina hilo walimpa wateja, maana sindano haikumtoka mdomoni, na waliomjua zaidi walisema hata maneno yake huchoma. Alikuwa mjane. Nyumba aliyokaa waliijenga yeye na marehemu mumewe, na matofali mengi yalitokana na magauni ya harusi aliyoyashona. Sheria haikuyajua magauni hayo. Ilisema nyumba ya marehemu ni mali ya ukoo wake, na mjane hukaa humo kwa hisani tu. Mwenye hisani alikuwa huyu shemeji mtu, dalali wa nyumba na viwanja.

Ndipo Bi Sindano akatunga mchezo. Mjane anakwenda mahakamani kudai nyumba yake. Hakimu anapekua sheria, anauliza ni mwanamume gani aliyebaki pale nyumbani, anaambiwa hakuna, isipokuwa beberu zizini. Basi beberu anapewa nyumba, na mjane anaamriwa amlipe kodi ya majani kila mwezi. Beberu aliigizwa na fundi seremala, mwenye ndevu zake mwenyewe.

Aliyeigiza hakimu alihama mtaa, na shemeji akaja kusema kwamba sauti anayo na muda anao. Bi Sindano alikubali kwa shingo upande. Kumkataa ni kumtangazia vita mtu ambaye unalala kwa ridhaa yake, na adui ni heri awe mbele ya macho.

Kilichomtia wasiwasi zaidi ni kwamba shemeji alijua kuigiza. Alikariri maneno kabla ya wenzake, akawaletea soda ukumbini, akauliza nani na nani wamealikwa, na kama mwenyekiti wa mtaa atakuwepo. Seremala alimnong'oneza Bi Sindano kwamba dalali hatoi soda ya bure. Kisha jioni moja Bi Sindano akirudi kutoka kwenye mazoezi, alimkuta shemeji nje ya nyumba, anatembea kandokando ya ukuta akipima kwa hatua. Alisema anaangalia ufa. Bi Sindano aliutafuta ufa huo, hakuuona. Akamuuliza mama mkwe wake mwanawe ana nia gani.

"Nimemzaa, mwanangu," akajibu bibi kizee. "Kumsoma, sijamsoma."

Bi Sindano akaamini kwamba siku ya onyesho shemeji hatatokea, mchezo uharibike. Akamfundisha kinyozi wa jirani maneno ya hakimu, kwa siri. Lakini siku ilipofika, shemeji alikuwa wa kwanza ukumbini, joho ameshalivaa.

Watu walijaa mpaka madirishani. Beberu alipoingia akitafuna hati ya nyumba, walicheka wakashika mbavu. Ikafika hukumu. Shemeji akasimama, akaliweka joho sawa, akatazama alipokaa mwenyekiti.

"Mahakama hii ina macho," akasema. "Nyumba ni ya mama huyu aliyeijenga. Beberu arudi zizini."

Hayo hayakuwemo kabisa. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Bi Sindano, aliyekuwa mjane wa mchezo, alibaki amepiga magoti, akiwasikia watu wakisemezana kwamba kumbe dalali yule ana roho nzuri. Hapo akauona mtego. Makofi yale yalikuwa ya shemeji. Kesho yeye akilia kwamba shemeji anataka kuiuza nyumba, nani atamsadiki? Na sheria waliyokuja kuicheka ilikuwa inarudi nyumbani imesafishwa.

Akainuka.

"Shemeji, hukumu hiyo umeitoa kama hakimu, au kama wewe?"

Watu wakacheka wakidhani mchezo unaendelea. Akarudia swali kwa sauti yake ya kila siku, na kicheko kikakatika.

"Huu ni mchezo, shemeji," akajibu akitabasamu.

"Ndiyo maana nakuuliza."

Mama mkwe akasema kutoka kiti cha mbele, bila kuinuka, "Mjibu mwenzio."

Shemeji aliwatazama watu, akamtazama mama yake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kama yeye mwenyewe. Bi Sindano akamwomba aseme wa nyuma wasikie, naye akasema. Seremala akalia kama beberu aliyefukuzwa, na ukumbi ukapata pa kuchekea tena.

Tangu hapo shemeji hakukanyaga ukumbini. Haikupita wiki, habari zikamfikia Bi Sindano kwamba mnunuzi alikuwepo kweli, ameshaonyeshwa nyumba kwa nje, ila amejitoa kwa sababu hataki kununua maneno ya mtaa mzima. Lakini kusema si kutia saini. Sheria ilikuwa palepale, na nyumba ilikuwa bado ya ukoo.

Mama mkwe akaja na begi lake, akasema anahamia chumba cha mbele. Anayetaka kuuza, aje auze mama yake akiwa ndani. Bi Sindano alimshukuru machozi yakimlenga. Alimtandikia shuka mpya, akamwekea maji ya kuoga, wakala pamoja wakizungumza ya zamani. Kisha akaanza kujiuliza kama mzee huyu amekuja kumlinda yeye, au kuulindia ukoo nyumba. Akamtakia usiku mwema kwa heshima zote, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango kwa ufunguo.