Jina la Efraín kwenye Bima

Mume wangu, Efraín, aliondoka Novemba kwenda Texas kuezeka mapaa, akasema atarudi kabla ya Pasaka. Pasaka ikapita. Mama yake, Mama Chela, bado anampakulia maharage kila jioni, anaifunika sahani kwa tortilla, chapati ya mahindi, na asubuhi anakula mwenyewe huku akisema chakula kilicholala ndicho kitamu. Naosha sahani.

Nyumba ni ya Mama Chela, na gari ni lake pia, ingawa hajawahi kushika usukani. Anayeliendesha ni mimi. Nafungasha saladi katika kiwanda kilichoko nje ya Detroit, kazi inaanza alfajiri, na mahali basi linapoishia unakuwa bado hujafika. Bila gari sina kazi. Bila kazi yangu, nyumba nzima inategemea cherehani ya Mama Chela.

Huku kwetu namba za gari zinakufa siku ya kuzaliwa ya mwenye gari, na hazihuishwi bila bima. Ndiyo maana mtaani kwetu ukimuuliza mtu anataka zawadi gani, anakujibu, "Bima." Mama Chela alizaliwa Juni. Mei kampuni yetu ya bima ikatuacha. Tukaenda kwa Wendolín.

Wendolín ana chumba kimoja kando ya duka la mikate. Anauza bima, anatuma pesa Mexico na anakodisha magauni ya harusi. Alitupa peremende, akafungua kompyuta.

"Haya Mama Chela, nyumbani mnaishi nani na nani?"

Lilikuwa swali la kujibiwa kwa ufupi. Nilimgusa Mama Chela mguu. Lakini kwao mtu akiuliza nyumbani kuna nani, unataja watu wote, usije ukaonekana una nyumba tupu.

"Mimi, Nayeli huyu, Efraín mwanangu, na kasuku."

"Kasuku ana leseni?"

"Hana. Lakini ataendesha vizuri kuliko mumeo."

Wendolín alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akaangalia kompyuta, kicheko kikaisha. Alitugeuzia kioo tuone bei. Mshahara wangu ungeingia wote humo na usijaze.

"Bei ya mtaa wetu peke yake inatosha kumfilisi mtu," alisema. "Lakini anayewaua hapa ni Efraín. Kagonga mara mbili, na mara ya pili aligonga gari la polisi."

"Lilikuwa limeegeshwa vibaya," Mama Chela akasema.

"Mama, lilikuwa limeegeshwa kituo cha polisi."

Nikauliza, "Tukimtoa?"

"Inashuka zaidi ya nusu. Hiyo mtaiweza."

"Na tukiandika gari jina langu?"

"Wewe ni mkewe, dada. Kwenye karatasi za bima atakufuata hata ukihamia mwezini. Dawa ni moja. Mama Chela aweke sahihi kwamba Efraín haishi kwake, tuandike anakoishi. Basi."

Mama Chela alikuwa anakunja karatasi ya peremende. Aliikunja mpaka ikawa ndogo kama punje ya mchele.

"Mwanangu anaishi kwangu," alisema. "Nguo zake zimo kabatini."

"Kompyuta haijui kabati, mama."

"Basi ni jinga."

Tulitoka. Tulizunguka ofisi nyingine, hata ile ya karibu na daraja ambako wanakuhudumia kupitia dirisha la chuma. Nilimwomba Mama Chela anyamaze, niseme mimi. Haikusaidia. Jina la Efraín lilikuwa limekwisha kuingia, na kila kompyuta ilitusubiri nalo.

Jioni nilisubiri amalize kupakua.

"Mama, ni karatasi tu."

"Karatasi ndiyo inayobaki, binti. Nikishaandika haishi hapa, akirudi ataingia kama nani?"

"Ataingia kama Efraín."

"Wewe umeshamtoa moyoni. Nakuona."

Sikuwa nimemtoa. Ila nilikuwa na kazi ya alfajiri. Hayo nilitaka kuyasema, nikaona anavyoifunika ile sahani, nikaanza kuosha sufuria.

Siku chache kabla ya siku yake ya kuzaliwa, Mama Chela alivaa viatu vya kanisani, akasema twende kwa Wendolín. Alipofika akaomba kalamu. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

"Nitatia sahihi," alisema, "lakini kwanza aseme mwenyewe. Mpigie."

Mimi nilikuwa nimempigia tangu Februari, hapokei. Namba ya Wendolín haijui, akapokea mara moja. Wendolín akaweka sauti juu ili sote tusikie.

"Efraín, ni Wendolín wa bima. Nataka anwani yako ya huko, mama yako apunguziwe bei."

Nyuma ya Efraín kulikuwa na televisheni, na mtu akiosha vyombo.

"Anwani gani?" akasema. "Mimi naishi kwa mama, Detroit. Niandike hapohapo. Huku napita tu."

"Kaka, una miezi saba huko."

"Nimesema napita. Na namba hii usimpe mtu anayenidai."

"Efraín," nikasema, "ni mimi. Nitapoteza kazi."

Simu ikakatika.

Nilimgeukia Mama Chela. Uso wake ulikuwa umefunguka, tangu Novemba sijauona hivyo. Kalamu aliirudisha juu ya meza, polepole, akailaza sawasawa.

"Mmemsikia? Anaishi kwangu."

Wendolín alinitazama, akainua mabega. "Nimemsikia kwa masikio yangu, dada. Sasa hata mama akisaini, mimi nitaandikaje?"

Siku ya kuzaliwa ya Mama Chela tulikula tamale, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda yake. Kesho yake, namba za gari zikiwa zimekufa, nilipanda mabasi matatu, nikamalizia kwa miguu kando ya barabara kuu isiyo na njia ya mtu, malori yakinipulizia vumbi. Nilifika jua limechomoza. Nikajaribu hivyo tena na tena, mpaka siku moja nikamkuta msichana mwingine amevaa glavu zangu. Msimamizi hakunigombeza. Alisema tu, pole.

Sasa nashona mapindo ya nguo pamoja na Mama Chela. Gari liko uani. Wiki iliyopita alisimama dirishani akiliangalia.

"Efraín akirudi ataendesha nini? Betri si itakuwa imekufa?"

"Itakufa, mama."

"Basi uwe unaliwasha. Kuliwasha tu hakuhitaji bima."

Ni kweli, hakuhitaji. Kwa hiyo kila alasiri natoka na ufunguo, naketi, nawasha, naweka mikono kwenye usukani. Mbele yangu kuna uzio, na nyuma ya pazia Mama Chela ananipungia mkono nisizime kwanza, injini bado haijapata moto.