Vipepeo wa Ghorofa ya Juu

Asubuhi ile Pumua alikuwa amepiga magoti nyuma ya ndoo ya kufulia, kamera usoni, akimsubiri chozi achomoe mdomo kwenye ua la mgomba. Chozi ni ndege mdogo wa kutosha kiganja cha mtoto. Akigeuza shingo kidogo tu, kijani chake kinakuwa zambarau, na kabla hujasema lahaula kimerudi kuwa kijani. Kumpiga picha kunataka mtu mwenye subira, na subira Pumua alikuwa nayo. Alipiga picha za eksirei hospitalini mpaka akastaafu. Nusu ya mtaa ilishawahi kuegemeza kifua kwenye mashine yake na kuamriwa: vuta pumzi, zuia, haya, pumua. Jina likamganda hapo hapo.

"Zuia," alimnong'oneza chozi.

Chozi akazuia. Kamera ikalia.

"Haya, pumua."

Ndege akapumua, akaenda zake.

Barazani, dada yake mkubwa alikuwa akichambua mchele. Huyu waliomfahamu walimwita Mkasi, kwa kuwa ujana wake wote aliumalizia kwenye meza ya kukatia vitambaa katika kiwanda cha nguo. Alihamia kwa mdogo wake baada ya shemeji yake, mume wa Pumua, kufariki, akaja na sanduku moja na ulimi mkali. Kila jioni, kabla taa hazijawashwa, wawili hao walikaa na kitabu kinene cha ndege na vipepeo, wakalinganisha picha za siku hiyo na zile za kitabuni. Pumua alisoma maelezo. Mkasi alitoa hukumu.

"Huyu mnana kifua chake ni cha njano ya haradali," alisema jioni moja. "Wa kitabuni ni wa njano ya kiini cha yai. Tafuta mwingine."

Na kweli, kurasa mbili mbele, mwingine alikuwepo.

Bustani yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa na migomba, mpapai uliopinda, uzio wa maua mekundu na bomba lililovuja daima. Lakini bomba hilo liliwaleta wote: tetere waliotembea kama watu wenye vyeo, jurawa wenye kelele, kigong'ota aliyekuja kuugonga mpapai kila baada ya mvua kana kwamba anadai apewe chumba. Pumua aliwatazama hawa kwa mapenzi yasiyochoka. Alisema mifupa ya watu ameiona ya kutosha, sasa anataka kuona kilichovaliwa juu yake.

Siku hiyo, baada ya chozi, alimpiga picha kipepeo aliyetua kwenye uzio. Alikuwa mkubwa, mwenye mabawa meupe yaliyojaa vimwavuli vyekundu. Vilikuwa vimwavuli hasa, vyenye mpini uliopinda na vijiti vyake, vimepangwa safu kwa safu, kimoja kimelala kushoto, kinachofuata kimelala kulia. Pumua alifungua kitabu pale pale uani. Hakumwona humo.

"Dada, hebu njoo umtazame huyu."

Mkasi alikuja na ungo wake. Akainama, akavuta miwani puani, akatazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake.

"Kitambaa hiki nilikikata mimi," alisema. "Jora lilikuwa na kasoro pembeni, wakatuuzia vipande. Kicheko alijishonea gauni la mikono mifupi." Akamsogelea kipepeo. "Kicheko, ni wewe?"

Kipepeo alifunga mabawa, akayafungua.

"Ni yeye," Mkasi alisema. "Hata zamani ukimwita alikuwa hajibu, anatikisa mabega tu." Akarudi barazani kumalizia mchele.

Kicheko alikuwa mshonaji wa kola, mmoja wa wanawake waliokufa ghorofa ya juu kiwanda kilipoungua. Ni miaka mingi imepita. Siku hiyo Mkasi alikuwa nyumbani, shavu limevimba kama andazi kwa jino bovu, na ndiyo maana aliishi kuchambua mchele huu. Tume iliundwa. Tume ikasema milango ya ghorofa ya juu ilikuwa wazi, ila wanawake walirudi ndani kufuata mikoba yao, wakakanyagana. Redio ilirudia maneno hayo mpaka watu wakayazoea. Mkasi alikuwa ameapa mbele ya Tume kwamba kila siku, kengele ya kuanza kazi ikishalia, msimamizi alitoka nje na kuufunga mlango kwa mnyororo na kufuli, ili watu wasitoroshe vitambaa. Alisikilizwa kwa heshima. Kisha akaambiwa kwamba siku ya moto hakuwepo, kwa hiyo hajui.

Kesho yake alikuja kipepeo wa bluu iliyokoza mwenye vikombe vya chai. Huyo alikuwa Mrefu, aliyekuwa akipiga pasi. Akafuata wa kijani mwenye samaki wa dhahabu, aliyeitwa Bibi Harusi kwa kuwa alikuwa ameposwa. Akaja Sauti, na Mama Kijiko, na dada wawili ambao hata wakiwa vipepeo hawakutua kwenye ua moja. Ndege waliokula wadudu walikaa kando yao bila kuwagusa. Shore mmoja, mlafi anayejulikana bustani nzima, aliwapisha bombani, akasubiri wamalize kunywa.

Pumua aliwapiga picha wote. Hakuwahi kuona kazi nzuri namna ile. Alimwita mtaalamu wa wadudu kutoka makumbusho, kijana mpole aliyekuja na lenzi yake mfukoni. Mtaalamu alikaa uani tangu asubuhi hadi adhuhuri, akanywa chai, akaangalia.

"Miguu, antena, namna ya kuruka, ni vipepeo bila wasiwasi," alisema. "Ila vumbi la mabawa yao limefumwa. Nyuzi zimepita juu na chini. Sijawahi kuona ufumaji mzuri hivi kwa mdudu."

"Kiwanda chetu kilikuwa na mashine nzuri," Mkasi alisema.

"Watahitaji majina, mama."

"Wanayo."

Mtaalamu akaomba ayafahamu, akatajiwa mmoja mmoja, naye akayarudia taratibu ili asikosee.

Habari zikatembea mtaani. Jamaa zao wakaanza kuja, wamevaa vizuri kama watu wanaokwenda kumtazama mgonjwa. Wa kwanza alikuwa muuguzi, mmoja wa mapacha ambao mama yao aliwaacha wakitambaa. Alibisha hodi akiwa na sare ya kazi.

"Shikamooni. Nimeambiwa mama yupo huku."

"Marahaba, mwanangu. Yupo, karibu," Mkasi alimjibu. "Yule pale kwenye mpapai, mwenye funguo nyeupe kwenye kahawia. Mama Mapacha! Umepata mgeni."

Kipepeo alishuka, akazunguka kichwa cha muuguzi, akatua kwenye kola ya sare, mahali ambapo kifungo kilikuwa wazi. Akakaa hapo, anatambaa juu na chini, mpaka muuguzi akakifunga.

"Ni mama kweli," muuguzi alisema. Alikaa akaongea naye mambo ya kawaida, habari za zamu, habari za pacha mwenzake ambaye hakutaka kuja. Machozi yalimtoka kidogo tu. Alipoondoka alishukuru kwa chai.

Aliyegundua la upande wa chini ni Pumua. Mtu aliyezoea eksirei hawezi kuridhika na upande mmoja. Alilala chali chini ya uzio, magazeti yamemkinga na tope, akawapiga vipepeo picha za mabawa kwa chini jua likipenya. Huko hakukuwa na mwavuli wala kikombe. Kulikuwa na kijivu, na ndani ya kijivu kivuli cha kitu. Alizichapisha kwa ukubwa, akazibandika kwenye dirisha la sebuleni kama alivyokuwa akifanya kazini, akarudi nyuma hatua chache.

Kila bawa lilikuwa na kipande chake. Mrefu alikuwa na kipande cha juu, kwa sababu ya urefu. Kicheko alikuwa na bawaba. Bibi Harusi alikuwa na mwanya kati ya mabamba mawili, na kwenye mwanya pete za chuma zinazong'aa. Pumua alizihamisha picha, akazipanga upya kama mtu anayeunganisha mbavu, mpaka mlango ukatimia dirishani: mlango wa chuma wa mabamba mawili, umeonwa kwa ndani, umeachana upana wa vidole, na nje yake mnyororo na kufuli.

Mkasi alisimama mbele ya dirisha hilo. Mikono, ambayo haikuwahi kutulia, aliificha ndani ya kanga ya kiunoni.

"Nilisema," alisema. "Mdogo wangu, si nilisema?"

"Ulisema, dada."

Wakafunga safari. Aliyekuwa mwenyekiti wa Tume sasa alikuwa na ofisi kubwa yenye zulia, na aliwapokea kwa bashasha. Aliagiza viti. Alizitandaza picha mezani, akazitazama moja moja, na hakuficha kwamba zimempendeza.

"Mashallah. Hizi zimepigwa na nani?"

"Na mimi," Pumua alisema.

"Una mkono, mama. Na hawa ni marehemu wenyewe?"

"Ndio wenyewe. Unaweza kuja kuwaona."

"Sina haja, naamini. Mlango pia nauona." Akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya wa sura. "Shida ni moja. Shahidi sharti aape. Kipepeo ataapaje? Hana mkono wa kuinua, hana sauti ya kutamka."

"Mimi niliapa," Mkasi alisema. "Mkono ninao, na sauti unaisikia."

"Uliapa, nakumbuka vizuri sana. Lakini wewe, mama, hukuwepo."

"Waliokuwepo ni hao mezani kwako."

"Ndiyo. Na hao hawawezi kuapa."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kisha akawasindikiza mpaka ngazini, akaomba abaki na picha kwa siku chache.

Mwaka ulipokaribia kwisha, kalenda ya serikali ilitoka ikiwa na vipepeo. Ilichapishwa kwenye karatasi nzuri nzito, na ukutani ilipendeza mno. Ilionyesha mabawa kwa juu tu. Ilitundikwa shuleni, benki, hospitalini, na katika kiwanda kipya ambacho mwenye kile cha zamani alikuwa amekifungua ng'ambo ya mto. Alinukuliwa akisema anaipenda zaidi miezi ya mvua, ile ya vimwavuli. Pumua aliitazama kwa makini, akakiri kwamba rangi zimetoka vizuri kuliko alivyotarajia. Mkasi akasema samaki wa Bibi Harusi wamefifia, akarudi kwenye ungo wake.

Jamaa za marehemu waliendelea kuja. Mvua zilipoanza, vipepeo walitaga mayai kwenye majani ya uzio. Mayai yakawa viwavi, viwavi wakaula uzio wote kwa adabu, wakajining'iniza kwenye vijiti vilivyobaki. Asubuhi walipokuwa wanatoka kwenye magamba yao wakiwa vipepeo tena, pacha wa pili alikuja, yule aliyekataa mara zote. Alikuwa fundi wa umeme, na hakuvua begi lake la vifaa. Pumua alimwonyesha kijiti.

Mama Mapacha alitoka taratibu, mabawa yamekunjamana na kulowa kama nguo iliyokamuliwa. Fundi alimpa kidole, naye akapanda. Walisimama hivyo kwenye jua, mtu na mama yake, wakisubiri akauke. Funguo nyeupe zikajitokeza kwenye kahawia, moja moja, safi na mpya. Pumua aliweka kamera chini ili atazame kwa macho.

Mabawa yaliponyooka, fundi aliinua mkono juu ya kichwa chake, akachungulia upande wa chini.

"Na huyu mpya pia?" aliuliza. "Bado wamefungiwa?"

"Bado," Mkasi alisema.

Fundi alitikisa kichwa, kama anavyotikisa akifungua ukuta na kukuta nyaya zimeungwa vibaya. Hakuteremsha mkono. Aliendelea kuuinua hivyo hivyo, kama mtu anayeapa, ingawa bega lilikuwa limeanza kumuuma, mpaka mama yake alipokuwa tayari kuruka.