Pumzi ya Mtu Mwingine

Wimbo wa tatu wa albamu ulipoanza, watu wote wa usharika walikuwa wamekwisha kumgeukia Brayson.

Alikuwa amekalishwa mbele, kwenye kiti cha plastiki kilichofunikwa kitenge, mkono wa kulia wa mchungaji. Spika mbili za kwaya zilikuwa zimetolewa nje ya kanisa na kusimamishwa kwenye nyasi, na Parsimei, kiongozi wa kwaya, alichuchumaa kando ya redio akiongeza sauti kidogo kidogo. Piano ilitangulia. Ilipiga muziki wa zamani, wa Ulaya ya miaka mia tatu iliyopita. Kisha ngoma ikaingia chini yake taratibu, besi ikafuata, na kabla watu hawajajua kilichotokea, muziki ule wa wafu ukageuka wimbo wa mapenzi waliouzoea redioni. Ndipo filimbi ikapanda juu ya vyote.

"Ndiye huyo," mama mmoja alinong'ona nyuma yake.

Makofi yakaanza. Brayson aliinamisha kichwa, na watu wakaona ni haya za mtu mpole. Alikuwa akitazama kucha zake, ambazo mafuta ya kazi hayakuzitoka hata Jumapili.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza vyombo vya muziki. Alikuwa na chumba kimoja mtaa wa Daraja Mbili, mjini Arusha, kati ya mchomelea mageti na saluni ya wanawake, na humo yaliletwa matarumbeta ya sharika za Meru na Arusha yaliyobonyea kwenye misafara ya harusi. Aliyanyoosha kwa nyundo ya mti iliyofungwa ngozi, akaziba nyufa kwa risasi iliyoyeyushwa, akabadilisha springi zilizokatika. Kisha, kabla ya kufunga, alitoa filimbi yake ndefu ya fedha, ile ya kupulizwa ubavuni, akapiga. Mchomelea alikuwa akizima mashine yake kumsikiliza.

Alifundishwa na Mwalimu Anna, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi pale pale kijijini, kwenye miteremko ya Mlima Meru, ambaye naye alifundishwa na muuguzi mmoja wa misheni. Muuguzi huyo aliporudi kwao aliacha filimbi mbili na kanda tatu. Ndani ya kanda zile kulikuwa na jazi ya ajabu: filimbi ikianza na muziki wa kale, kama iko kanisani, halafu ikitoka nje na kuongea ovyo, kama watu wanavyoongea wakimaliza ibada. Brayson alizisikiliza tangu akiwa na miaka kumi na moja. Kanda zilipolegea alizirudisha kwa kalamu. Mwalimu Anna alimwambia ajifunze kila sauti iliyomo mpaka mtu aliye nyuma ya mlango asijue kinachopigwa ni kanda au ni yeye, na Brayson, mtoto mtiifu, alifanya hivyo. Alipofika miaka ishirini, hakuna aliyeweza kutofautisha.

Mwaka uliopita Rachel alimsikia kwenye harusi moja Themi. Rachel alikuwa mpiga piano, mtoto wa mtaa wa Njiro aliyesomea muziki nje ya nchi na kurudi na wazo la albamu: nyimbo za redioni zifungishwe ndoa na muziki wa kale, na jazi iwe mshenga. Alimwalika Brayson nyumbani kwao, ambako chumba kimoja kilikuwa kimebandikwa sponji kuta zote kwa ajili ya kurekodia. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri sana. Alichopewa kufuata alikifuata, na vijana wa ngoma na besi wakawa wanamwita maestro.

Siku ya pili Rachel alisimamisha wimbo katikati.

"Hapa nakuachia wewe, kaka Brayson," alisema. "Usifuate chochote. Sisi tutazunguka tu, wewe sema la kwako."

Wakazunguka. Brayson akainua filimbi, na kilichotoka kilikuwa kanda ya pili, upande wa kwanza. Kilitoka kizuri, hakina doa. Mpiga besi alitikisa kichwa kwa raha. Rachel aliondoa mikono kwenye piano.

"Hiyo naifahamu," alisema kwa upole. "Baba alikuwa nayo. Naomba ya kwako."

Akajaribu tena, ikatoka kanda ya tatu. Alipojaribu mara nyingine, hakikutoka kitu ila upepo. Alitafuta ndani yake jambo moja la kusema, hata dogo, hata la kipumbavu, akakuta humo mote wanaongea wageni. Hakuna aliyemcheka. Rachel aliandaa chai, akasema wamechoka wote, wataendelea siku nyingine. Siku hiyo haikufika.

Jioni ile mkewe, Tabea, alimpokea langoni akiwa na unga mikononi, akamwuliza imekuwaje.

"Imeenda vizuri," alisema.

Maneno mawili tu. Mengine yote yalijengwa na Tabea mwenyewe, kwa mapenzi yake: aliwaambia wanawake wa kikundi chao cha Jumatano, nao wakaliambia kanisa. Albamu ilipotoka, aliisikiliza kwenye simu akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akafumba macho. "Huyu ni wewe," alisema. Haikuwa swali. Brayson alikuwa amekwisha kusoma jina lililoandikwa chini ya wimbo ule, tena mara nyingi, kule kazini. Akamwuliza anasikiaje. Tabea akasema anasikia raha. Basi. Kwa wiki nyingi Brayson alijishikilia hapo: kwamba hakuwahi kusema ndiyo.

Sasa muziki ulikwisha na chakula kikaanza kupakuliwa. Mchungaji alisimama akatangaza kwamba usharika umepata filimbi nne, mpya, ziko bado kwenye maboksi, na kwamba wazee wamekubaliana Brayson awafundishe watoto kupiga kama alivyopiga kwenye albamu hii. Makofi tena. Tabea, kwenye masufuria, alijifuta macho kwa upande wa kanga.

Mwalimu Anna ndiye aliyemwita. Alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi ukutani mwa kanisa, kikombe pajani, macho yake yakiwa yamefifia kiasi cha kuwajua watu kwa sauti tu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa hapa." Alisubiri mpaka aliposikia benchi limelia. "Nani huyo anayepiga?"

Brayson aligeuka akatazama spika.

"Wewe ukikaribia mwisho wa mstari unavuta pumzi mapema," Mwalimu alisema. "Nilikusumbua kwa jambo hilo miaka mitatu, halikutoka. Huyu anaisubiri sauti iishe yenyewe."

"Anaitwa Simaloi," Brayson alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka jina hilo, na lilimtoka kwa urahisi uliomshangaza.

"Tabea anajua?"

"Hajui."

Akamweleza yote, kwa sauti ya chini, akitazama watu waliopanga foleni na sahani zao. Alipofika penye ombi la Rachel alikwama. "Aliniomba la kwangu, Mwalimu. Sikuwa nalo."

"Kanda zile nilikupa mimi," Mwalimu Anna alisema, na mkono wake ukawa unapapasa kikombe ambacho kilikuwa pale pale kilipokuwa. Kisha akasema kwamba hatamwambia mtu yeyote. "Lakini makofi sitapiga tena. Wataniuliza kwa nini, na mimi kwa umri huu sijui tena kudanganya vizuri."

Watu walipokuwa wamekula, mchungaji alimwomba Brayson neno moja. Alisimama mbele ya kiti chake.

"Filimbi mliyoisikia," alisema, "sikupiga mimi."

Halafu mzee mmoja akasema kwa sauti nzito kwamba ni kweli, ni Bwana ndiye aliyepiga, na uwanja mzima ukaitikia amina. Makofi haya yalikuwa makubwa kuliko yote. Mchungaji alimshika bega akawaambia watu kwamba unyenyekevu wa namna hii ndio wanaoutaka kwa walimu wa watoto wao.

Angeweza kukaa. Alilijua hilo vizuri. Mlango ulikuwa umefunguliwa tena mbele yake, na safari hii ulifunguliwa na kanisa lenyewe. Alimtafuta Mwalimu Anna kule ukutani. Mikono yake ilikuwa imetulia pajani.

"Mchungaji, sisemi kwa unyenyekevu," alisema. "Nilikwenda Njiro, nikashindwa. Anayepiga ni dada mmoja anaitwa Simaloi, jina lake limeandikwa pale kwenye albamu, mtu yeyote anaweza kulisoma. Mimi simo humo hata kwa sauti moja. Niliwaacha mwamini."

Mkono wa mchungaji ulitoka begani mwake, polepole, kama unaoogopa kuonekana ukitoka. Parsimei aliinama akachomoa flashi kwenye redio, ingawa redio ilikuwa imezimwa zamani. Ndipo yule mzee wa sauti nzito akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kuelewa:

"Sasa kwa nini ulikaa kwenye kiti?"

Brayson alitafuta jibu lililo zuri zaidi ya lile alilokuwa nalo. Halikuwapo.

"Nilipenda kukaa," alisema.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa nafuu. Watu walianza kuzungumza mambo ya mvua na ya kahawa, wakitazama pembeni, kama wanavyofanya watu mtoto wa mgeni anapojikojolea mbele yao. Tabea aliweka upawa chini. Alikuja mbele, moja kwa moja, akiwa amevaa gauni la kitenge kile kile kilichofunika kiti, akasimama akisubiri Brayson asogee. Alipokwisha kusogea, alikivuta kitenge, akakikunja mara mbili, akakikunja tena, akakiweka kwapani. Hakumtazama usoni. Mchungaji alisema jambo la filimbi za watoto litazungumzwa kwenye baraza la wazee, na kikao kikafungwa kwa sala fupi kuliko kawaida.

Waliteremka kwa njia ya mashambani, yeye nyuma, mkewe mbele hatua ishirini. Wingu lilikuwa limeushika Mlima Meru kiunoni. Kila penye nyumba watu waliwasalimu, na Tabea aliitikia kwa sauti yake ya siku zote, kwa niaba ya wote wawili, kwa sababu hawa walikuwa hawajasikia; watasikia kesho. Brayson aliwaza kwamba angeweza kumwambia yeye kwanza, usiku wowote katika zile wiki nyingi, chumbani, taa ikiwa imezimwa. Aliwaza pia jinsi alivyomwona akifumba macho ukingoni mwa kitanda. Alitaka kumwita. Badala yake akaendelea kutembea.

Penye mfereji maji yalikuwa yamejaa, ya rangi ya udongo, yakipita kwa nguvu kati ya migomba, na gogo la kuvukia lilikuwa limelowa. Tabea alivua viatu, akavuka peku, mkono mmoja ukitafuta mizani hewani. Alipofika ng'ambo hakuvaa viatu. Alisimama pale pale, mgongo ukiwa kwa Brayson, viatu vikining'inia kwenye vidole vyake viwili, wala hakuondoka. Brayson aliweka mguu mmoja juu ya gogo.