Jirani wa Mwokaji

Nyinyi wenye mabinti walioolewa, na nyinyi mnaopenda kukaa na vitabu, hii ni yenu. Isomeni taratibu, maana aliyepatwa na haya hakuwa mtu mbaya. Ndiyo sababu naogopa.

Alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye binti mmoja tu. Sebule yake ilikuwa ndiyo karakana. Vipande vya sare za shule vilijaa kwenye viti, chaki zilikuwa dirishani, na pini zilikuwa zimechomekwa kwenye pazia kwa sababu mwenyewe alishachoka kuzikanyaga. Kila Jumamosi saa nane mchana alikunja vitambaa, akafuta viti, na wenzake watatu wa kanisani wakaingia: shemasi, mpishi wa shule, na Mama Pacha. Walikuwa wanasoma hadithi za Kikristo, vile vitabu vya watu wa kubuni wanaojaribiwa na maisha mpaka wanamkumbuka Mungu. Kitabu kilikuwa kimoja kwa wote, na maandishi yake madogo kama mchele uliopepetwa vibaya. Kwa hiyo mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakasikiliza.

Aliyesoma ni binti wa fundi. Walimwita Redio. Alikuwa na sauti ya kumfanya mtu asahau chai mkononi. Hata baada ya kuolewa aliendelea kuja kila Jumamosi. Mumewe alimleta kwa gari na kumfuata saa kumi kamili, akipiga honi mara moja tu. Huyo mkwe alikuwa fundi wa spika za kanisa, kijana mpole, asiyekosa ibada. Fundi cherehani alikuwa akimtaja mara mbili katika kila sentensi.

Kundi lao lilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, ni mwiko kuchungulia mbele. Kitabu kililala kwenye droo ya cherehani, uzi mwekundu ukiwa mahali walipoishia, na atakayekifungua kabla ya Jumamosi angeosha vikombe mwaka mzima. Fundi hakukifungua hata siku moja. Alijisifu kwa hilo, kama vile wengine wanavyojisifu kwa kufunga.

Ya pili ilikuwa kigoda. Wakimaliza sura, mmoja anakaa kwenye kigoda na kujifanya mtu wa kitabuni, na wenzake wanamhoji. Walicheka sana pale. Mama Pacha aliwahi kukaa akiwa mchungaji mlevi, akahojiwa mpaka akaomba msamaha kwa chupa ambazo hakunywa.

Mwaka huo walikuwa wanasoma habari za mjane mwokaji mikate. Shemeji yake alimbomolea tanuri kwa wivu, kisha miaka ikapita, shemeji akaugua, akaja kuomba mkate kwenye mlango uleule. Je, ampe? Hapo walibishana wiki mbili.

"Ampe," alisema shemasi. "Imeandikwa tuwasamehe."

"Ampe mkate wa jana," alisema mpishi wa shule. "Msamaha si lazima uwe wa moto."

Sura ya nne ndipo alipoingia jirani. Redio alisoma kwamba upande wa pili wa ukuta wa yule mwokaji aliishi mke kijana, asiyetajwa jina, ambaye alikuwa akigonga ukuta mara tatu asubuhi ili ajue kama kuna mtu. Mumewe hakuwahi kumpiga. Alipokwenda kazini alimfungia, na viatu vyake akaondoka navyo kwenye mfuko wa vifaa. Alimwachia kandambili zake yeye mwanamume, kubwa, za kuvaa bafuni. Alimwambia ni kwa sababu anampenda.

Wale wanawake walimpenda huyo jirani kuliko mjane mwenyewe. Kila Jumamosi Mama Pacha aliuliza hata kabla hajavua mtandio, "Leo jirani yumo?"

"Yumo kidogo," Redio alijibu.

"Kidogo hakitoshi. Huyo mjane na unga wake ameshanichosha."

Nisiwafiche kitu. Jumamosi hizohizo, Redio mwenyewe alikuwa anakuja na kandambili kubwa za kiume, vidole vyake vikiishia katikati. Mpishi aliziona, akamtania. "Haya mapenzi ya siku hizi. Mpaka viatu mnavalishana?"

"Tumebadilishana," alisema Redio, akaficha miguu chini ya kiti.

Mama yake alicheka na wenzake. Alikuwa na sindano mdomoni, akacheka kwa pembeni ili asiimeze.

Sura ya saba, jirani alipata upenyo. Mumewe alisahau ufunguo mlangoni, naye akatoka, akatembea hadi kwa mama yake mzazi. Hapo Redio akaacha kusoma. Akasema sura imekatikia hapo, na kabla ya kuendelea angependa wacheze kigoda. Yeye atakuwa jirani. Mama yake awe mama wa jirani.

"Safi," alisema Mama Pacha. "Damu kwa damu."

Redio akakaa kwenye kigoda. Kandambili zile zilibaki mbele yake sakafuni. Mama yake akaweka mkasi chini, akajinyoosha, akafunga khanga vizuri kiunoni kama mtu anayekwenda barazani.

"Mama, shikamoo. Nimekuja."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kutembea au umekuja kukaa?"

"Kukaa."

Wenzake wakaguna. Shemasi akajisogeza mbele.

"Amekupiga?"

"Hajanipiga. Ananifungia."

"Unakula?"

"Nakula."

"Unalala kitandani au chini?"

"Kitandani."

"Sasa kinachokuliza ni nini?" Fundi aliwageukia wenzake, akawakonyeza. "Wenzako wanalala njaa, tena nje, mvua inawanyeshea."

"Mama, naogopa. Iko siku nitashindwa kutoka."

"Mimi na baba yako unadhani tulikuwa tunachekeana? Miaka ishirini nilimeza, na sikufa. Harusi yako kanisa zima lilishona sare. Leo niwaambie nini? Kitanda chako nilishakigawa, chumba chako sasa kina cherehani. Mlango uliotokea ndio huohuo wa kurudia. Rudi kwako, mwanangu. Piga magoti, omba, vumilia."

Shemasi alipiga makofi. Mama Pacha akasema angependa mwanawe aoe binti wa mama kama huyo. Mpishi tu ndiye hakupiga makofi, lakini alikuwa ameshika kikombe, kwa hiyo hakuna aliyelitia maanani.

Redio hakuinuka kwenye kigoda. "Mama," alisema, "huo ni mchezo, au ungesema hivyo kweli?"

"Mchezo wa nini? Ningesema hivihivi. Hata neno moja nisingepunguza."

"Haya. Jirani amesikia."

Akaweka uzi mwekundu kitabuni, akakifunga, akakirudisha kwenye droo mwenyewe. Honi ikalia mara moja. Akavaa zile kandambili na kutoka, na mama yake akaendelea kupinda kola.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Mama yake alipiga simu, mkwe akapokea kwa adabu zake zote. "Amepumzika, mama. Kichwa kinamsumbua. Atakupigia." Hakupiga. Jumamosi ya pili, hivyohivyo. Ya tatu, wenzake wakasema kazi ya Mungu haisimami, fundi asome yeye mwenyewe. Alikuwa amefika darasa la saba, herufi anazijua. Mpishi akamwazima miwani.

Akafungua kwenye uzi mwekundu. Akasoma polepole, kidole kikimtangulia. Mjane akakanda unga, mjane akaenda sokoni, shemeji akakohoa. Ukurasa ukaisha, mwingine ukaanza.

"Jirani yuko wapi?" aliuliza Mama Pacha. "Tulimwacha mlangoni kwa mama yake."

"Hajatokea."

"Umeruka. Rudi nyuma kidogo."

Akarudi nyuma kidogo. Mjane na shemeji. Akarudi hadi mwanzo wa sura ya saba. Hakuna mama, hakuna ufunguo uliosahauliwa. Sura ya sita, sura ya tano. Alikuwa sasa hasomi tena, anatafuta, kidole kinashuka ukurasa kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Sura ya nne: nyumba ya mwokaji ilikuwa peke yake mwisho wa barabara. Haikupakana na nyumba yoyote.

Shemasi akakichukua kitabu, akakipekua, akamrudishia. "Labda kuna toleo jingine," alisema. Sauti yake haikuwa na nguvu.

Mpishi wa shule ndiye aliyesema. Alisema maneno mawili tu. "Vile viatu."

Hakuna aliyemuuliza vipi. Fundi aliinuka, akatoka na miwani ya watu usoni na utepe wa kupimia shingoni. Alitembea njia nzima, kwa sababu kusimama akisubiri gari kulimshinda.

Mkwe alifungua geti akiwa anatabasamu. "Mama, karibu. Ungesema nikufuate." Akamketisha kwenye kochi lililofunikwa vitambaa ambavyo fundi mwenyewe alivifuma kwa ajili ya harusi. Redio akaja na glasi ya maji kwenye sinia. Alikuwa miguu mitupu. Alikuwa amekonda shingo, na alipopiga goti kumpa mama yake maji, hakumtazama.

"Nimekuja kumwomba mke wako," fundi alimwambia mkwe, akijitahidi kuchekacheka. "Nina sare nyingi, mikono haitoshi. Anisaidie siku mbili tatu."

"Mimi sina neno. Muulize mwenyewe."

"Mwanangu, twende."

"Nitalala wapi, mama? Chumba changu kina cherehani."

"Nitaitoa. Leo hii naitoa."

Redio akapanga glasi upya kwenye sinia, ingawa ilikuwa moja. "Kile kitabu mlimaliza?"

Hapo fundi alikosea tena. Alikuwa na haraka ya kuonyesha kwamba ameelewa, kwamba sasa anajua, na maneno yakamtoka. "Nimemtafuta jirani. Hayumo. Nimerudi mpaka sura ya nne, hayumo."

"Jirani yupi?" aliuliza mkwe.

Aliuliza kwa upole tu, kama anavyouliza mtu ambaye hataki kupitwa na mazungumzo. Lakini Redio aliinua uso, na kwa mara ya kwanza siku ile akamtazama mama yake. Nimesema mama yake alikuwa fundi. Kazi ya fundi ni kuona kwa jicho moja mahali panapovuta na mahali panapobana. Aliona hofu ambayo alikaa nayo sebuleni wiki nne akiifanyia mzaha, na sasa ilikuwa inamwomba yeye anyamaze.

"Wa kitabuni tu," alisema fundi. "Mambo ya wanawake."

"Na iliishaje?"

Redio ndiye aliyejibu. "Alikwenda kwa mama yake. Mama yake akamwambia arudi kwake. Akarudi."

"Mwisho mzuri," alisema mkwe.

Alimsindikiza mama mkwe wake hadi getini. Karibu na mlango mfuko wake wa vifaa ulikuwa wazi, nyaya na bisibisi, na katikati ya nyaya kilitokeza kisigino cha kiatu cheupe. Fundi alikijua. Alikinunua mwenyewe kwa ajili ya sherehe ya kuaga nyumbani. Akatoka. Akasikia komeo likirudi nyuma yake.

Alikwenda kwa shemasi. Shemasi alilia naye, kisha akasema, "Lakini dada, tutamwambia nini mchungaji? Hajampiga. Mwenyewe mbele yako amekataa kutoka." Alikwenda kwa mjumbe wa mtaa, naye akauliza hilohilo: amempiga? Ana alama? Fundi akajiona amekaa upande wa pili wa kigoda, anahojiwa kwa maswali yake mwenyewe. Siku ya tano alirudi kule na ndugu zake wawili wa kiume. Geti lilikuwa na kufuli. Mwenye nyumba alisema wamehama, kijana kapata kazi mbali, aliaga vizuri sana. Mke alikuwa ndani ya gari, kioo kimepandishwa. Simu tangu siku hiyo haipatikani.

Cherehani ameitoa chumbani. Imekaa sebuleni, inaziba njia, na wateja wanapita kwa ubavu. Chumbani ametandika kitanda. Wenzake hawaji tena Jumamosi. Hakuna aliyesema wasije.

Basi nawaambia, nyinyi mliozaa. Mtoto akikuuliza mtu wa hadithi ungemfanyaje, usikimbilie kuonekana mwema mbele ya wenzako. Nyamaza kwanza. Mtazame anayeuliza, uso hadi miguuni, uone amevaa nini. Na ukishajibu, ujue pengine hakuna wa kukuuliza mara ya pili.

Yeye kitabu bado anacho. Miwani mpishi alikataa kurudishiwa. Amekisoma chote, silabi kwa silabi, akakirudia, na sasa yuko mara ya tatu. Amevunja ile sheria, anachungulia mbele, anachungulia nyuma. Mjane anamsamehe shemeji yake, anajenga tanuri jipya, anaoka mikate hadi ukurasa wa mwisho, na hakuna anayegonga ukuta.