Bakuli la Banza

Mtu wa kwanza niliyempikia baada ya mume wangu kuuawa ni kijana aliyesema ndiye aliyemuua. Wakati ule sikuona ajabu yoyote katika hilo. Nilikuwa nimekufa ganzi. Ungenidunga sindano ya kushonea magunia, ningekuuliza tu kama umemaliza.

Ilikuwa mwaka 1993, mwaka ambao sisi watu wa asili ya Kasai tuliambiwa kwamba Likasi si kwetu. Baba yangu aliletwa mgodini angali kijana, mimi nikazaliwa Likasi, nikaolewa Likasi, kisha asubuhi moja nikawa mgeni bila kusogeza mguu. Kazi ziliisha, nyumba zikachukuliwa, na watu wakahamia stesheni kungoja treni ya Kasai. Walipika pale, walizaa pale, walizikana pale. Treni ilikuja ilipotaka.

Mume wangu, Symphorien, hakuwa mtu wa kukaa kusubiri. Alipanda baiskeli yake akaenda ziwani Tshangalele kununua samaki wakavu, akarudi kuwauzia waliokaa stesheni. Jumatatu moja alikwenda na hakurudi. Kilichorudi ni baiskeli. Kijana mbeba makala, yaani mkaa, aitwaye Banza alikutwa nayo sokoni, na jina la Symphorien, aliloliandika mwenyewe kwa rangi nyeupe, lilikuwa kwenye bati la juu ya gurudumu. Wakamfunga. Mwili haukupatikana.

Hapo ndipo penye shida yangu. Katika ukoo wetu, mtu akifia mbali, ndugu humkata nywele na kucha wakampelekea mama yake. Ikishindikana, hupeleka udongo wa kaburi. Bila hivyo matanga hayavunjwi. Mjane hubaki na kitambaa cheusi, haogeshwi na wanawake wa ukoo, hacheki mbele za watu, na marehemu naye hana pa kukaa. Mama mkwe wangu alikuwa Kasai, mzee asiyeona, na alituma neno kwa wasafiri: mniletee mwanangu, hata kama ni kiganja kimoja cha udongo. Sikutaka kitu kingine duniani. Wala hicho sikukitaka kwa nguvu, maana nguvu sikuwa nazo. Nilijua tu kwamba ni lazima.

Redio ilikuwa imetangaza kwamba serikali itawasaidia wahanga wote wa machafuko na ujambazi. Basi nilikwenda kwa karani wa mahakama, Godefroid, mtu aliyekuwa mnene zamani, ambaye koti lake sasa lilimzunguka mara mbili.

«Mama Berthe,» aliniambia, «l'État, serikali, iko pamoja na weye.»

«Iko pamoja na minye namna gani?»

«Muuaji tulimukamata. Tunamuchunga. Ile njo msaada ya serikali.»

Nilimshukuru. Sikujua la kufanya zaidi, nikakaa. Akakohoa.

«Kuko kintu kimoja, mama. Mu buloko chakula hakuna. Zamani Babeleji balikuwa banatuma unga, karatasi, essence ya gari ya juge. Sasa balifunga yote. Banasema ni sanctions, adhabu, bakubwa ba Kinshasa bapate kuogopa. Bakubwa banabanyima viza, na siye banatunyima unga.»

«Na bale bakubwa, balikonda?»

Akacheka kidogo, akatazama koti lake. «Hapana, mama. Bale hapana.»

Watu husema wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Mimi tembo sijawahi kuwaona. Nilichoona ni gereza lisilo na unga na karani aliyenyanyua mabega.

«Mufungwa mwenye hana jamaa anakufa,» alimalizia. «Uyu Banza hana muntu. Akikufa mbele ya audience, kesi haijasikilizwa, dossier yake inafungwa. Na kaburi ya bwana yako, ni nani tena atakuonyesha?»

Kwa hiyo msaada wa serikali kwa mhanga ulikuwa huu: serikali itamchunga muuaji, mhanga atamlisha. Nilirudi nyumbani nikasonga bukari, kama tunavyouita ugali kwetu, nikachemsha sombe, ndiyo kisamvu, nikaweka ndani ya bakuli langu la enameli lenye kifuniko. Ningeweza kwenda bure siku ya kwanza, kumuuliza tu. Lakini nilivyolelewa, huendi kumwomba mtu neno ukiwa mikono mitupu. Mkono mtupu haulambwi. Nilikwenda na bakuli, na mambo yote yalitokana na hilo.

Alikuwa mwembamba mno, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Walinzi walimleta uani, akakaa chini. Hakunitazama mimi, alitazama bakuli.

«Ni weye ulimuua bwana yangu?» nilimuuliza.

Mvuke ulikuwa unatoka pembeni mwa kifuniko. Alimeza mate.

«Ndiyo, mama. Ni minye.»

«Ulimuzika wapi?»

«Nitasema mbele ya juge.»

Nikampa bakuli. Alikula mpaka akalamba vidole, na mimi nikamngoja amalize ili nirudi na chombo changu.

Ikawa ndiyo kazi yangu. Jirani yangu Delphine, mwenyeji wa Katanga ambaye hakuacha kunisalimu hata pale ndugu zake walipomkataza, alinishika mkono siku moja njiani.

«Weye Berthe, banasema unalisha nyoka. Ni kweli?»

«Nyoka akikufa, atanionyesha shimo yake?»

Akaniachia mkono. Kesho yake aliniletea majani ya muhogo kwa ajili ya sombe, bila kusema ni ya nani.

Kesi ilikuwa inaahirishwa. Mara jaji hana petroli, mara hakuna karatasi ya kuandikia, mara makarani wamegoma. Kila nilipomuuliza Banza, alijibu lile lile: mbele ya jaji. Polepole nilielewa. Ulimi wake ndio ulikuwa chakula chake. Akisema leo, kesho bakuli haliji. Nilimchukia kwa hesabu hiyo, lakini nilimchukia kwa mbali, kama unavyosikia redio ya jirani. Nami pia nilikuwa na hesabu yangu. Sote wawili tulikaa pale uani, mmoja akitafuna, mwingine akingoja, na wala hatukugombana hata siku moja.

Wakati mwingine aliniuliza habari za mjini. Nilimjibu. Niliona miguu yake inavimba, nikaanza kuongeza karanga kwenye mboga. Shemeji yangu Tshimanga, mdogo wake Symphorien, aliniona nikitwanga karanga hizo akatema mate.

«Yaya,» alisema, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, «siye tunakula mara moja ku siku, na uyu mbwa unamuwekea karanga?»

«Akikufa, utaenda kuambia mama yako nini?»

Akageuka akashika njia ya stesheni. Yeye ndiye aliyekuwa akienda huko kila siku kufuatilia nafasi zetu. Siku moja alirudi akaniambia kwamba treni imefika, na jina letu limo. Tungeondoka wiki hiyo hiyo. Treni ya baadaye hakuna aliyeijua.

Nikapika, nikaenda gerezani. Safari hii bakuli nililiweka nyuma yangu.

«Banza, tunaenda Kasai. Hakuna audience, hakuna bakuli ingine. Hata ukinyamaza, hata ukisema, ni ya mwisho. Sema basi.»

Alitazama mahali bakuli lilipofichwa nyuma yangu. Kisha akaanza kulia, bila sauti, machozi tu.

«Mama, sikumuuaka. Sikumuonaka hata siku moja.»

«Lakini ulisema ni weye.»

«Ile kinga, ile baiskeli, niliikuta imelala mu njia, pekee yake. Nilingojangoja, mwenyewe hakukuya, nikaibeba. Njo bakanikamata. Hapa nilikuwa nakufa, mama. Bantu balikuwa banakufa pembeni yangu. Weye ukakuya na bukari, ukaniuliza ni minye. Nikawaza: nikisema hapana, ataondoka nayo.»

Nilipaswa kumrukia. Kuna wanawake wangemrukia, na ningewasifu. Mimi nilitafuta hasira ndani yangu kama mtu anayetafuta chumvi katika nyumba iliyoporwa, nikaona haipo. Nilikuwa nimechoka tu. Hata uongo wake haukuwa na ubaya mkubwa. Niliuliza swali nikiwa na bakuli mkononi, naye akajibu bakuli.

Nikalitoa nyuma yangu, nikafungua kifuniko.

«Kula kwanza.»

Alikula. Mimi nilimfikiria mama mkwe. Macho yake hayaoni, anapapasa hewa, na mimi nashuka treni na mikono mitupu namwambia mwanao hayupo popote. Alipomaliza nilimuuliza, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa.

«Banza. Kama ni weye ungemuzika, ungemuzika wapi?»

Alishtuka. Akanitazama aone kama nimerukwa na akili. Halafu akaelewa, akainamisha kichwa, akaanza kuchagua. Nilimwona akichagua. Hakuchukua mahali pa kwanza palipomjia.

«Mu njia ya Tshangalele,» alisema, «pale maji inaanza kuonekana. Upande ya kushoto kuko kichuguu kikubwa, kiko na bichwa mbili. Baba yangu alikuwa ananipumzishaka pale tukibeba makala. Udongo yake ni laini, haina mawe. Na kuko upepo.»

«Kichwa ungemulaza wapi?»

«Ku maji, mama. Apate kuona.»

«Na ungemufunika na nini?»

«Na shati yangu.»

Nikasema asante. Ilinitoka tu, kama unavyomshukuru mtu aliyehudumia msiba wako.

Nilipita kwa Godefroid. Nilimwambia kijana hakuua, amfungulie. Alishika kichwa.

«Mama, kumufungula kunaomba signature ya juge. Juge hana essence. Na kama weye unasema hakuua, basi dossier haina tena mulalamikaji. Muntu bila mulalamikaji, nani atamukumbuka?»

«Kwa hiyo kama ninamulaumu, anabaki. Na kama simulaumu, anabaki.»

«Njo vile, mama. Si minye. Ni mambo ilivyo.»

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilihisi kitu kinachofanana na hasira. Nilipofika mlangoni kilikuwa kimekwisha.

Kesho yake mimi na Tshimanga tulikwenda njia ya ziwani. Sikumwambia ukweli. Nilimwambia kijana amesema. Kichuguu kilikuwepo, na vichwa viwili, upande wa kushoto, na maji yaking'aa kule chini. Kulikuwa na upepo kweli. Tshimanga alianguka akalia kwa sauti kubwa, akaliita jina la kaka yake, akaomboleza jinsi mwanamume anavyopaswa kuomboleza. Mimi nilipiga magoti nikachota udongo kwa kifuniko cha bakuli, nikaufunga katika kitambaa. Ulikuwa laini. Haukuwa na mawe.

Jioni nilimpelekea Delphine bakuli, na unga wote uliobaki kwangu.

«Yuko kijana mu buloko, jina yake Banza,» nilimwambia. «Hakuua muntu. Hana jamaa.»

Delphine alilishika bakuli kwa mikono miwili. Nyuma yake, mlangoni, watoto wake walikuwa wanatazama mfuko wa unga. Alisema, «Nitajikaza, mukwetu.» Sikumwapisha. Mwenye watoto wenye njaa humwapishi.

Safari sitaisimulia. Wengi walioifanya hawakufika, na waliofika hawapendi kuulizwa.

Mama mkwe wangu aliupokea udongo kwa viganja vyote viwili. Aliunusa. Akasema, «Unanuka maji. Symphorien alipenda maji tangu utotoni.» Akatabasamu, yule mzee, na wanawake wa ukoo wakapiga vigelegele vya huzuni. Tukauzika udongo ule nyuma ya nyumba yake, kichwa upande wa mto, kama nilivyosema kaburi lilivyokuwa. Akaniuliza nani alinionyesha mahali.

«Aliyemzika,» nilijibu.

«Alimzika vizuri?»

«Alimfunika kwa shati lake, mama.»

«Basi Mungu amlipe,» alisema, na wote wakaitikia.

Wakanipeleka kunivua kitambaa na kuniogesha. Walipomaliza, mmoja wao aliniwekea mbele bakuli la bukari, chakula cha kwanza cha mjane aliyefunguliwa. Mvuke ulikuwa unatoka pembeni mwa kifuniko. Nikanyoosha mkono, na mkono ukagoma.

Ndipo nilipolia. Nililia mpaka wakanishika mabega, mpaka mama mkwe akaja akipapasa ukuta. Waliniambia nilie, nilie tu, kwamba Symphorien amepata pa kulala. Niliwaacha wafikiri hivyo. Lakini Symphorien alikuwa amezikwa. Niliyekuwa nikimlilia alikuwa amekaa uani Likasi, miguu imevimba, akitazama lango, na mimi ndiye niliyekuwa mtu wake.