Kisanduku cha Kukataa

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Wahenga hawakupata mgeni kama Cherono. Aliingia dukani kwetu ametoka chuo majuzi tu, kisigino cha kiatu kimelika upande mmoja, na wiki haijaisha Vipul mwenyewe, mwenye duka, akawa anammiminia chai kutoka kwenye chupa yake.

Hiyo chupa lazima mniruhusu niielezee. Chai yake hupikwa na Hemali, mke wa Vipul, kule kwao Milimani, kwa tangawizi na iliki na maziwa mazito. Dereva huileta asubuhi. Miaka yote niliyomfanyia Vipul kazi nimeinusa tu. Mimi na Bravin wa stoo tulikunywa ya sufuria, ile inayochemshwa mpaka inakuwa nyeusi. Sasa msichana wa juzi anapewa kikombe, tena chenye kisahani, na anaitwa "beta" kama mtoto wa nyumbani. Niliona wivu. Nauita kwa jina lake kwa sababu sina haja ya kuuficha.

Duka lenyewe liko mjini Nakuru, nyuma ya soko. Tunauza mbolea, mbegu na dawa za shamba kwa jumla, na wateja wetu ni wenye maduka madogo ya Njoro, Molo, Bahati na Kuresoi. Mwaka huo wa 2007 mbolea ilikuwa adimu. Kila mwenye duka aliomba mgao, na wengi walikosa.

Vipul hajui kukataa. Ni mtu mwema au ni mwoga, chagueni wenyewe. Mteja akiomba magunia ambayo hayapo, yeye husema, "Ngoja kidogo, ongea na Mama Trizah." Mama Trizah ndiye mimi. Trizah ni kifungua mimba wangu, na tangu azaliwe hakuna mteja aliyewahi kuniita vingine. Mteja akifika mezani kwangu nampa kiti, namuuliza habari za watoto na za mvua, namtania kidogo, halafu namwambia mwezi huu hakuna. Kukataa ni kazi, na pale dukani hakuna aliyeijua kazi hiyo kunishinda. Ndiyo maana Vipul aliniahidi kwamba meneja wetu akistaafu Krismasi, kiti chake kitakuwa changu. Nilikitaka kiti kile kuliko kitu kingine chochote. Nilikuwa nimeshaamua hata dirisha gani nitalifungua asubuhi.

Cherono aliletwa atutengenezee mfumo wa kompyuta wa kushughulikia maombi ya mgao. Nilitegemea kumwona akiandika zile herufi za ajabu zinazojaza skrini, nikose la kusema. Wapi! Alikuwa na programu ambayo humfanya mtu kuwa fundi bila kuandika hata mstari mmoja. Unaburuta kisanduku kwa mausi, unakipa jina la kazi, unaburuta kingine, unaviunganisha kwa mshale. Ombi linaingia hapa. Linakwenda stoo, Bravin aseme kama mzigo upo. Linakwenda kwa mwenye kuamua. Likikubaliwa, dereva anapata taarifa. Likikataliwa, mteja anapata ujumbe kwenye simu yake. Mashine inasukuma kila kitu yenyewe.

"Huu si mchezo wa watoto?" nilimuuliza Bravin.

"Mama Trizah, hiyo ni technology," akasema, macho yake yakiwa kwa Cherono wala si kwa skrini. "Huyo dem amesoma, usimcheze."

Wiki nzima Cherono alizunguka akituuliza tunavyofanya kazi. Alikaa kando ya meza yangu akaniangalia nikiongea na wateja. "Auntie, na huyu ulimkataliaje na bado akakushukuru?" Nilimjibu nusu nusu. Nusu nyingine aliipata mwenyewe, na hilo liliniudhi zaidi. Mtu akikuibia kazi kwa ujinga utamsamehe. Huyu alikuwa anaielewa.

Mwezi wa kumi na moja Vipul akatuita ofisini tuuone mfumo kabla haujaanza. Ulipendeza, siwezi kusema uongo. Visanduku vilikuwa vya rangi, kila mshale umefika unapotakiwa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa jina la Cherono. Kisanduku cha kukubali kilikuwa cha kijani. Cha kukataa kilikuwa chekundu, na ndani yake palikuwa na neno moja: Ofisi.

Damu ikanipanda.

"Ofisi ni nani?" nikauliza. "Amezaliwa wapi huyo Ofisi?"

"Auntie, ni poa ikikaa hivyo," Cherono akasema. "Message itasema, 'Ombi lako limekataliwa na Ofisi.' Hakuna mtu atakasirikia mtu."

"Na lako mbona liko hapo chini?"

"Hiyo program inajiandikia yenyewe. Inaweka tu nani ameitengeneza."

"Basi na hapa juu iandike nani anakataa. Iandike Namalwa."

Alinitazama kama hakusikia. "Si tuweke Mama Trizah basi? Customers wanakujua hivyo."

"Mama Trizah ni jina la kunitania. Nina jina nililopewa na baba yangu, na baba yangu alifanya kazi ya reli mji huu kabla hujazaliwa."

Akasogea karibu, akashusha sauti. "Auntie, uchaguzi uko karibu. Siku hizi mtu akiona jina, kitu ya kwanza anatafuta ni kabila."

Alisema kweli. Lakini kweli ikitoka kinywani mwa mtu unayemwonea wivu ina uchungu wa shubiri, huimezi. Mimi niliona msichana aliyekwisha kunywa chai ya bosi na sasa anataka hata jina langu lisionekane.

"Ama unataka tuandike lako?" nikamwambia, kwa sauti ya kumfikia Vipul.

Vipul hapendi kelele. Akainua mkono. "Cherono, beta, andika tu vile Mama Trizah nataka."

Akaandika. Siku mfumo ulipoanza, nilibonyeza Kataa kwa mara ya kwanza, na simu ya Bravin, tuliyokuwa tumeiingiza kama ya mteja wa kujaribia, ikalia. "Ombi lako limekataliwa na Namalwa." Nikamwambia anisomee tena. Jina langu lilikuwa linakwenda Molo, linapanda Kuresoi, linaingia mifukoni mwa watu bila mimi kuinuka kitini. Nilikula chakula changu cha mchana kwa raha siku hiyo.

Halafu akaja Kiprugut. Ni mwenye duka la mbegu Kuresoi, mzee wa mizaha, mtu niliyemnyima mgao mara nyingi kuliko mtu yeyote na bado akanialika harusi ya mwanawe. Hakuwa na mizaha siku hiyo. Nilimpa kiti na chai. Akainamia meza yangu.

"Mama Trizah, wewe ni mtu yetu hapa. Niambie ukweli. Huyu Namalwa ni nani?"

"Kwa nini?"

"Amenikata tena na tena. Hata kuuliza haulizi, ni message tu. Na nasikia wale wa Molo wanapewa. Huyo mtu anachukia watu wetu. Ametoka wapi?"

Ningeweza kumwambia ni mtu wa ofisi ya ndani, hatakaa sana. Uongo huo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini ng'ambo ya chumba Cherono alikuwa ameinua kichwa, anasikiliza, na sikukubali anione nikilikana jina langu mbele yake.

"Namalwa ni mimi, Kiprugut."

Akakiweka kikombe chini kikiwa bado kimejaa. "Aa," akasema. "Kumbe wewe ni wa kule."

"Kule wapi? Nimezaliwa hapa hapa Nakuru. Nimelelewa mtaa wa Rhonda."

"Ndiyo," akasema. "Lakini ni wa kule."

Akavaa kofia yake akaondoka. Hakuniaga. Nilikaa nikiangalia mlango, na niliumia kwa jinsi ambayo sikutarajia kuumia kwa ajili ya mteja.

Siku chache baadaye Mama Gathoni, mwenye duka Molo, akampigia Vipul simu akifoka. Alisema kuna mtu anaitwa Namalwa ambaye mbolea yote anawapa watu wa Kuresoi. Mwingine wa Njoro akasema anawapa ndugu zake wa Western. Kila upande uliamini napendelea upande mwingine, na mbolea yenyewe waliyokuwa wakiigombania haikuwepo. Nilimkuta Bravin stoo akicheka peke yake katikati ya sakafu tupu. Kisha watu wasiojulikana wakapita mbele ya duka wakilitaja jina langu kwa sauti, na Bravin akaacha kucheka. Vipul akafunga mlango wa chuma saa za mchana kweupe.

Akatuita sote ofisini.

"Hii jina itoke leo," akasema. "Mimi nataka duka. Sitaki siasa."

"Turudishe Ofisi," Cherono akasema.

"Wapi," Bravin akadakia. "Wakiona Ofisi watasema Namalwa amefichwa. Itakuwa mbaya zaidi, boss. Sasa wanataka mtu."

"Basi weka lako," nikamwambia Vipul. "Duka ni lako."

Vipul akakohoa. Akaangalia dari, akaangalia viatu vyake. "Mimi? Ngoja kidogo," akasema, na sote tukajua maana yake.

Nilikuwa nikijiandaa kulitetea jina langu, libaki palepale, waje na mawe wakitaka. Cherono akavuta kiti, akafungua mchoro wake, akabonyeza kile kisanduku chekundu. Akafuta Namalwa. Akaandika Cherono.

"Watu wa Kuresoi ni watu wa kwetu, mimi watanisikiza," akasema bila kugeuka. "Wale wengine watanitusi. Lakini watajua ni nani wanatusi, watakuja tuongee."

"Wewe ni mtoto," nikamwambia. "Hujui unachojitakia."

"Najua, Auntie. Mimi napanga nyumba huko Kaptembwo, majirani wangu ni watu wa kila aina. Najua."

Msidhani moyo wangu uliyeyuka. Nilichokiona mimi ni uso wa Vipul. Alimtazama yule msichana kwa heshima, kwa namna ambayo nimengoja kutazamwa tangu Trizah akiwa mgongoni. Nikajua kiti kimekwenda. Sikuhitaji kuambiwa, lakini niliambiwa kesho yake, kwa upole, mlango ukiwa umefungwa.

"Yule nabeba lawama ya duka, huyo ndiyo meneja," Vipul akasema. "Wewe elewa, Mama Trizah. Kazi yako iko. Mshahara iko."

Kazi ilikuwapo kweli. Meneja wa zamani akaanza mapema likizo yake ya kustaafu, na Cherono akahamia ofisini mwake. Kitufe kilibaki mezani kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyewajua wateja na mahitaji yao. Maombi yalikuja kwangu, niliamua mimi, nilibonyeza mimi. Mashine ikaandika Cherono. Matusi yakamwendea Cherono. Barua ya mwenye duka wa Bahati ya kusema atahamia duka jingine, Cherono. Na Kiprugut alipopiga simu, nilimsikia kupitia ukuta wa mbao Cherono akimjibu kwa Kikalenjin, na wote wawili wakicheka, kwa ajili ya mgao ambao mimi ndiye niliyemnyima asubuhi ile.

Mnaweza kumwonea mtu wivu wa gari lake, au wa mumewe, na watu watawaelewa. Mimi nilimwonea Cherono wivu wa kuchukiwa. Chuki ile ilikuwa yangu. Niliifanyia kazi.

Wiki moja kabla ya kufunga Krismasi, Mama Gathoni akaja mwenyewe kutoka Molo, kitambaa kimemlegea kichwani kwa hasira. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlango wa ofisi ya meneja akasimama hapo.

"Wewe ndiye Cherono? Mnatunyima mbolea kwa nini? Tumewakosea nini nyinyi watu?"

Cherono alisimama. Alimwacha aseme yote, na yalikuwa mengi, mengine ya kuumiza, ya kumtaja mama yake na kwao. Wateja wengine wakageuka kutazama. Angeweza kuninyooshea kidole tu, aseme anayeamua ni yule pale mezani. Hakunyoosha.

Sikuweza kuvumilia. Msiniite mwema. Kilichoniinua ni kuona mwingine amesimama mahali pangu, anapokea kilicho changu, na anakipokea vizuri kunishinda. Nikafika nikasimama katikati yao.

"Mama Gathoni, mwache. Aliyekukatalia ni mimi. Namalwa ni mimi, na ombi lako nimelikataa kwa mkono wangu, leo na mwezi uliopita."

Mama Gathoni akageuka. Akanitazama, akamtazama Cherono, kisha uso wake ukalainika kabisa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama Trizah," akasema, "wacha kumfunika huyu mtoto. Namalwa alifukuzwa, mzee Vipul mwenyewe alituambia kwa simu. Na wewe huwezi kunyima mtu kitu. Roho yako tunaijua."

"Ni mimi, nakwambia."

"Sawa, mama. Sawa." Akanipigapiga mkono kama mtu anayembembeleza mgonjwa, akanizunguka, akaingia ofisini kwa Cherono kumalizia maneno yake, na akafunga mlango nyuma yake.

Bravin alikuwa amesimama mlango wa stoo. Hakunitania. Nikarudi mezani kwangu. Kwenye skrini ombi jingine lilikuwa linangoja, la mwenye duka wa Njoro. Nikauliza stoo, mzigo haupo. Nikabonyeza Kataa, na kabla sijakaa vizuri simu ya ofisini kwa Cherono ikaanza kulia.