Usingizi Una Kelele Zake

Kila asubuhi kazi ilianza kwa shuka. Kitinda alishika ncha mbili, Mama Ncha akashika mbili, wakavuta mpaka kitambaa kikapiga kofi hewani. Kisha wakasogeleana, wakapeana ncha, wakarudi nyuma, wakasogeleana tena. Shuka za hoteli nzima zilipita mikononi mwao hivyo, bila haja ya maneno. Mama Ncha alipata jina hilo kwa kuwapigia kelele wafanyakazi wapya: "Ncha! Shika ncha!" Kitinda alikuja na lake kutoka kwao, maana ndiye kitindamimba.

Asubuhi hiyo Mama Ncha alisogea na ncha zake, akanyoosha mikono, akangoja. Hakupokewa. Mbele yake msichana alikuwa amesimama wima kama mlingoti, shuka kifuani, macho ameyafumba.

"Wewe! Umelala?"

"Salama," Kitinda akajibu, macho bado kayafumba. "Sijui wewe."

Mama Ncha alikaa juu ya kapu la nguo akacheka hadi akashika mbavu. Wafuaji wa upande wa pili, wasiojua hata neno moja la Kiswahili, nao wakacheka kwa sababu kicheko chake kilikuwa cha kuambukiza. Kikamtoa msimamizi kwenye chumba chake cha vioo.

Alikuwa mwanamke mpole asiyepandisha sauti kamwe. Alisema taratibu, akimtazama Kitinda usoni. Kitinda alikuwa amejifunza nusu ya lugha ya nchi ile ya ugenini, na nusu hiyo ilimkimbia kila alipoogopa.

"Anasemaje?" akamnong'oneza Mama Ncha.

"Anasema macho yako yamekuwa kama nyanya zilizokanyagwa na gari."

"Kweli amesema hivyo?"

"Hapana, hiyo nimeongeza mimi. Yeye amesema muda wako wa majaribio unaisha kesho. Ukija na macho haya haya, hawezi kukupeleka kwenye mashine ya pasi, na kazi nyingine ya kukupa hana."

Mashine ya pasi ilikuwa kubwa kama kitanda cha watu wanne. Ilimeza shuka mbichi upande huu, ikaitema imenyooka upande ule, na haikuchagua kati ya shuka na vidole. Msimamizi alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuuma Kitinda. Hata wa kumkasirikia hakuwa naye.

Wakati wa chai Mama Ncha alivuta kiti karibu.

"Haya, mdogo wangu. Godoro baya?"

"Zuri."

"Baridi?"

"Nina blanketi mbili."

"Mwanamume?"

"Mama Ncha!"

"Nauliza tu. Mganga huuliza yote."

Kitinda akamweleza aliyojaribu. Alikunywa maziwa ya moto. Aliweka kichwa panapokaa miguu. Alihesabu hata shuka kichwani, lakini kila aliyoihesabu aliiona ina makunyanzi, akaanza kuikunja upya.

"Chumba kiko kimya mno," akasema mwishowe. "Nasikia kope zangu zikigongana."

Ndipo akatoa la moyoni, akiangalia kikombe. Tangu azaliwe alilala kitanda kimoja na mama yake. Wakubwa walioa na kuolewa, akabaki yeye. Na mama yake alikoroma. Hakukoroma kwa mchezo: alianza chini kama mtu anayeburuta kiti, akapanda, akanyamaza kule juu kama anayefikiri, kisha akashuka na mluzi. Majirani walijua mama akisafiri. Mwenyewe hakukubali hata siku moja. "Mimi? Mimi nafumba macho tu."

Siku ya kuondoka, mbele ya wajomba na mashangazi, Kitinda alimkumbatia akasema, "Sasa nitalala, mama. Mashine yako ya kusaga nakuachia." Wote wakacheka. Mama naye alicheka, ila chake kilikatika kabla ya vya wenzake.

"Mpigie simu akukoromee!" Mama Ncha alisema, chai ikimtoka puani.

"Siwezi. Kila siku ananiuliza nimelalaje, namwambia salama."

"Na ukirudishwa kwenu na begi lako utamwambia salama? Mficha uchi hazai, mdogo wangu."

Kazi yao ilianza kabla ya mapambazuko, kwa hiyo Kitinda alipanda kitandani jua lingali dirishani. Kwao ilikuwa tayari saa ya kulala. Akapiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jana umelalaje?"

"Sala..." Akajikwaa. "Mama, uko kitandani?"

"Niko."

"Hebu weka simu karibu na mto."

"Ya nini? Na mto nao unataka kusalimiwa?"

"Nataka kusikia kama mvua inanyesha huko."

"Mvua? Kiangazi hiki?"

"Basi ilaze tu hapo, usiikate. Wewe lala."

"Kitinda, unataka kunirekodi uwachekeshe wenzako?"

"Hapana, mama!"

"Si ulisema unaenda kupumzika na mashine yangu? Mimi sikoromi. Lakini tangu siku ile, akija mgeni kulala hapa, nakaa macho mpaka alale yeye kwanza."

Kitinda angeweza kusema "lala unono" na kukata, kama alivyofanya kila siku; maneno yalikuwa tayari ulimini. Akaugeukia ukuta, akaufunika uso kwa blanketi, maana aibu yake haikuzoea mwanga.

"Mama, silali," akasema. "Tangu nifike huku silali, nilikuwa nakudanganya. Kesho wataniangalia macho, wakiyakuta hivi nimekosa kazi. Siku ile nilitania kwa sababu niliogopa kulia mbele ya wajomba. Kimya hiki kinanishinda, mama. Koroma. Koroma kwa nguvu zako zote, nisikie kwamba upo."